Kufungua na kutenganisha taka za kielektroniki kwenye karakana ndogo

Mwongozo huu ni wa fundi simu, fundi TV, mwenye duka la kompyuta au kikundi cha wanunuzi wa chuma chakavu ambao tayari wana rundo la vifaa vibovu kwenye kona na wanataka liwe kazi halali yenye kipato. Hauhusu kiwanda. Unahusu meza moja, bisibisi, mizani na mapipa machache.

Kanuni ni moja, na mengine yote yanaitegemea: wewe tenganisha, usichenjue. Kila kinachofunguka kwa bisibisi, koleo au mkono ni kazi yako. Kinachohitaji moto au tindikali ili kitoke si kazi yako, hata kama ndani yake kuna dhahabu. Wengi hudhani hapo ndipo faida inapopotea. Ni kinyume chake, na sababu zitaonekana tukifika kwenye nyaya na bodi (vibao vya saketi).

Karatasi kabla ya bisibisi

Tanzania ina Kanuni za mwaka 2021 za taka za umeme na kielektroniki chini ya Sheria ya Mazingira. Kukusanya, kusafirisha, kuhifadhi na kurejeleza kunahitaji kibali, na mlango wa kubisha ni NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inayosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, na anayegusa chuma chakavu anahitaji pia leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015. Usianze kwa kununua mzigo. Anza kwa kuomba orodha ya wenye vibali wa kupokea taka hizi, kwa sababu hao ndio wateja wako. Nairobi kuna WEEE Centre. Rwanda kuna kituo cha Bugesera kinachoendeshwa na Enviroserve.

Usishawishike na mtu anayetaka kukusanyia kontena la bodi "aende nalo nje". Tangu tarehe 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa usafirishaji wa taka, unataka taka zote za kielektroniki, ziwe za sumu au zisizo za sumu, zivuke mpaka kwa ridhaa ya maandishi ya nchi zote zinazohusika. Mzigo usio na ridhaa hiyo ukikamatwa bandarini, anayefuatiliwa si dalali peke yake.

Mnunuzi muulize mambo matatu: kibali chake, namna anavyotoa hati ya mizani, na bodi zake zinaishia kwenye kiyeyushio gani (kiwanda cha kuyeyusha metali). Anayebabaika kwenye la tatu, muuzie chuma na alumini tu.

Mahali na vifaa

Sakafu iwe ya saruji laini isiyo na nyufa, paa lisilovuja, upande mmoja au miwili wazi ili hewa ipite, na bomba la maji ndani ya hatua chache. Meza ifunikwe bati au kigae ili ifutike kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu hautakiwi kabisa, maana vumbi la vifaa vya zamani lina risasi (metali yenye sumu) na kemikali za kuzuia moto, na ukilifagia unalipeleka mapafuni.

Vifaa vya lazima: bisibisi za nyota na bapa zenye mpini na shina lililofunikwa kwa plastiki; torksi kuanzia T5 hadi T20, na zile zenye tundu katikati kwa ajili ya pawa saplai na maikrowevu; koleo la kukatia; mita inayopima volti hadi 1,000 DC; rezista ya ohmu 2,200 na wati 10 iliyofungwa kwenye nyaya mbili zenye ncha; sumaku; faili dogo; tepu ya umeme; mizani ya kilo 150 na nyingine ndogo ya gramu. Miwani ya kinga, glavu zisizokatika, na barakoa ya FFP2 au N95. Barakoa ya kitambaa huzuia mate tu.

Mapipa yaandikwe kwa herufi kubwa kabla mzigo wa kwanza haujaingia. Chuma, alumini, nyaya, na bodi katika madaraja matatu. Plastiki mbili. Betri za lithiamu nzima, betri za lithiamu zilizoharibika, betri nyingine ndogo. Taa zenye zebaki. Mabomba ya kioo ya TV za chogo. Ukianza na pipa moja la "nitapanga baadaye", betri itaingia humo siku ya kwanza, na siku ya kumi utazima moto.

Kupokea mzigo

Pima, andika, uliza. Daftari liwe na tarehe, aina ya kifaa, uzito, kilikotoka, na kama kinawaka. Kisha amua palepale: kinatengenezeka, kinafaa kwa vipuri, au kinafunguliwa. Utaratibu huo usigeuzwe. Kompyuta inayowaka inauzika kwa bei ambayo kilo zake za chuma na bodi hazitaifikia, na skrini nzima ya simu ina thamani kuliko simu yote iliyopondwa.

Kabla ya kufungua, shughulikia data, hasa mzigo ukitoka ofisini au shuleni. Simu: mwenye nayo aondoe mwenyewe akaunti ya Google au iCloud, kisha irudishwe kwenye hali ya kiwandani. Akaunti isipoondolewa, simu itabaki imefungwa na itakufaa kwa vipuri vichache tu. Simu za Android za zamani hazifichi data zake zenyewe. Washa usimbaji (encryption) kwenye mipangilio kwanza, ndipo uifute. Diski ngumu inayozunguka (hadi diski): andika sifuri juu yake yote mara moja. Mara moja inatosha. Diski ya terabaiti 1 inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde itachukua kama saa tatu. Isiyowaka itobolewe kwa drili mashimo matatu kupita kwenye sahani, na miwani ikiwa usoni, kwa sababu diski nyingi ndogo za laptopu zina sahani za kioo zinazopasuka vipande vipande. SSD haina sahani wala haijali sumaku: tumia amri yake ya kujifuta, au hakikisha kila chipu ya kumbukumbu imepondwa. Tundu moja katikati linaweza kupita bila kugusa chipu hata moja.

Umeme uliolala ndani

Kifaa kilichochomolewa bado kinaweza kuua. Pawa saplai ya kompyuta au TV inabadilisha umeme wa volti 230 kuwa DC ya volti 320 hadi 400, na kapasita kubwa huishikilia, hasa pale saplai ilipoharibika na njia yake ya kuimwaga imekatika. Kwa hiyo saplai mbovu ni hatari zaidi kuliko nzima.

1. Chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi, subiri dakika tano.
2. Fungua kifuniko bila kugusa bodi. Tafuta kapasita kubwa kuliko zote, kwa kawaida imeandikwa 200V, 400V au 450V.
3. Weka mita kwenye DC, gusa miguu miwili ya kapasita upande wa chini wa bodi, soma.
4. Ikizidi volti 5, gusisha rezista kwenye miguu hiyo kwa sekunde kumi. Pima tena. Ikibaki juu, rudia.

Usiunganishe miguu hiyo kwa bisibisi tupu. Cheche huyeyusha ncha na kurusha punje za metali machoni.

Maikrowevu ni habari nyingine. Kapasita yake hufanya kazi kwenye volti takriban 2,000 na haimsamehe mtu. Ndani yake huwa na rezista ya kuimwaga, lakini ikikatika hakuna dalili yoyote nje. Ambaye hajaelekezwa ana kwa ana na fundi wa maikrowevu aiuze nzima, bila kuifungua. Ni kilo kadhaa za chuma na transfoma moja, na transfoma hiyo katika maikrowevu nyingi za sasa imesukwa kwa waya wa alumini uliopakwa rangi ya kopa. Kwaruza kwa faili kabla hujaihesabu kuwa mali.

Betri

Hapa ndipo karakana nyingi huungua, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Betri ya lithiamu hutoka kwenye kifaa kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye simu imebandikwa gundi: vuta utepe wake kama upo, la sivyo dondosha isopropili kidogo pembeni, subiri dakika mbili, kisha pitisha kadi ya plastiki taratibu. Bisibisi hapana. Tabaka za ndani zimetenganishwa na utando mwembamba kuliko karatasi, na ukitobolewa pande mbili hugusana, joto hupanda, na betri huwaka kwa moto unaojilisha wenyewe.

Kila betri ikitoka, funika vituo vyake (ncha za metali zinazotoa umeme) kwa tepu ya umeme. Si pakiti nzima, vituo tu. Kisha iingie kwenye ndoo ya chuma ya lita 20: mchanga mkavu sentimita tano chini, betri zikiwa hazigusani, mchanga juu, tabaka baada ya tabaka. Kifuniko kiwekwe bila kukazwa, gesi ipate pa kutokea. Ndoo ikae kivulini, mbali na jua la mchana, mita tatu kutoka kwenye plastiki, karatasi na mlango wa kutokea.

Iliyovimba, iliyopinda, iliyotobolewa au inayonukia kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha haiingii ndoo hiyo. Ina ndoo yake, nje ya jengo, moja moja. Usiitoboe ili "itoe upepo". Upepo huo unawaka, na kemikali iliyo ndani ikikutana na unyevu au joto hutengeneza asidi ya haidrofloriki, ambayo huchoma mapafu na kupenya ngozi.

Kuna ushauri umeenea wa kutumbukiza betri kwenye maji ya chumvi ili ziishe chaji. Usiufuate. Chumvi inakula vituo kabla chaji haijaisha, maji yanatoa haidrojeni na klorini, mshono wa betri unaachia na kemikali inavuja, na unabaki na ndoo ya maji yenye sumu ambayo huna pa kuimwaga. Mnunuzi naye atakataa betri zilizooza vituo.

Ikiwaka: watu watoke, wasivute moshi. Kizimamoto cha poda huua mwali, lakini betri huwaka upya baada ya dakika kwa sababu joto liko ndani. Kinachosaidia ni kupoza: maji mengi, tena mengi, kwa pakiti ndogo ya simu au laptopu iliyo wazi na isiyounganishwa na umeme. Kama iko ndani ya ndoo ya mchanga, iache iishie humo.

Pakiti ya laptopu ya zamani huwa na seli sita za mviringo za 18650, na mafundi wengi huziokoa kwa tochi na taa za sola. Inaruhusiwa kwa masharti. Seli iliyo chini ya volti 2 itupwe kwenye mchanga, kwa sababu kopa ya ndani imeshaanza kuyeyuka na itakapochajiwa inaweza kujenga njia ya mkato. Zilizobaki zichajiwe hadi 4.2 kwa ampea 0.5, zilazwe wiki mbili, zipimwe tena. Iliyoshuka chini ya 4.1, au iliyopata moto mkononi wakati wa kuchaji, haifai. Zinazopita zifungwe kwenye pakiti yenye bodi ya ulinzi, bila kuchanganya seli zenye uwezo tofauti.

Betri za risasi za gari, sola na UPS zina soko kubwa na ndizo zenye balaa kubwa. Ziuzwe nzima, zikiwa wima kwenye trei ya plastiki, tindikali ikiwa ndani. Mnunuzi atakayekwambia umwage maji kwanza ili zipungue uzito, mwache aende. Tindikali ikimwagika, nyunyiza magadi soda mpaka povu liishe ndipo uoshe. Na kamwe usiyeyushe. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiyeyushio cha betri kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014 kikipakana na nyumba za watu. Watoto walipatikana na risasi damuni, na baada ya kampeni iliyoongozwa na Phyllis Omido, mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Sufuria moja nyuma ya karakana hufanya jambo lilelile, kwa watu wachache zaidi.

Betri za kadimiamu kwenye taa za dharura na drili za zamani zina pipa lao. Vidonge vya saa na rimoti vibandikwe tepu na viwekwe juu, watoto wasipofika.

Kompyuta ya mezani, hatua kwa hatua

Hii ndiyo nzuri ya kujifunzia, maana kila kitu kimefungwa kwa skrubu na hakuna cha kuogopa zaidi ya saplai.

1. Ondoa mfuniko wa pembeni. Chomoa kidonge cha CR2032 kutoka kwenye mazabodi (bodi kuu) sasa hivi, kiende kwenye pipa lake.
2. Toa pawa saplai ikiwa nzima na uiweke kando. Kuifungua kunalipa tu kama una nyingi. Vinginevyo uza nzima kwa bei ya saplai na ukate nyaya zake.
3. Toa ramu, hadi diski na kadi. Ramu ziwekwe peke yake: zina mstari wa dhahabu na bei yake ni ya juu kuliko mazabodi.
4. Fungua kipoza joto, toa prosesa. Feni ikatwe, alumini iende kwa alumini. Baadhi ya vipoza vina kitovu cha kopa, visichanganywe.
5. Toa mazabodi na uivue vyuma: mabano, skrubu, mfuniko wa soketi. Mnunuzi hukata bei kwa kila gramu ya chuma iliyobaki kwenye bodi.
6. Ng'oa nyaya zote. Kasha lililobaki ni chuma.

Hadi diski ikifunguliwa inatoa kasha la alumini, bodi ndogo nzuri, na sumaku mbili zenye nguvu zinazobana vidole hadi kutoa damu. Zitenganishe kwa kuzitelezesha.

Ukizoea, mashine moja haimalizi nusu saa. Zaidi ya nusu ya uzito itakuwa chuma cha bei ndogo, lakini sehemu kubwa ya pesa itatoka kwenye kilo moja hivi ya bodi na ramu.

Skrini

TV na monita bapa zimegawanyika. Zenye LED ni salama: vioo, karatasi za plastiki, bodi, chuma. Za kabla yake zina tyubu nyembamba za mwanga zenye zebaki, unene wa mrija wa kalamu, pembeni au nyuma ya kioo. Utazitambua kwa bodi ya inveta yenye transfoma ndogo ndefu na nyaya za rangi ya waridi na nyeupe zinazoingia kwenye fremu. Kama huna mkono mtulivu, toa bodi, acha paneli nzima, peleka hivyo. Tyubu ikivunjika, toka nje kwa dakika kumi na tano hewa ipite, kisha kusanya vipande kwa kadibodi na selotepu, ndani ya chupa yenye mfuniko. Taa za tyubu za kawaida na zile zilizojisokota ni hivyohivyo. Mkataba wa Minamata umepanga uzalishaji na biashara ya nje ya taa hizi viishe hatua kwa hatua hadi 2027, kwa hiyo ofisi zinazobadilisha taa zitakuletea kwa maboksi. Zipokee ndani ya maboksi yake.

TV ya chogo ni mzigo ambao kila mtu anataka sehemu yake ndogo na hakuna anayetaka iliyobaki. Koili ya shingoni ni kopa. Iliyobaki ni bomba la kioo lisilo na hewa, na kioo cha nyuma kina oksidi ya risasi, karibu robo ya uzito wake. Wengi hupiga shingo kwa nyundo, wanachukua koili, bomba linatupwa mtaroni. Bomba lililovunjwa ni gumu kulipatia mpokeaji, kwani unga wa ndani ya skrini umeshamwagika.

Fanya hivi: chomoa umeme, fungua mgongo. Funga waya wenye klipu kwenye ule waya mtupu uliosukwa unaozunguka nje ya bomba. Ncha nyingine ifungwe kwenye shina la bisibisi bapa yenye mpini mkubwa wa plastiki. Mkono mmoja mfukoni. Telezesha ncha chini ya kifuniko cha mpira juu ya bomba hadi iguse chuma cha ndani. Utasikia mlio mfupi. Subiri dakika tano, rudia, kwa maana chaji hujirudisha. Ndipo uchomoe kifuniko, uvute kwa unyoofu bodi ndogo iliyo mwisho wa shingo, ulegeze skrubu ya koili na kuitelezesha bila kuinamisha. Ikigoma, iache. Bomba zima likae kwenye kreti, uso ukitazama chini.

Friji

Soma jina la gesi ya kupozea kwenye lebo ya kompresa. R12 inaharibu tabaka la ozoni. R134a haina kosa hilo, lakini kilo moja ikiachiwa hewani inapasha dunia joto kama kilo 1,400 hivi za kaboni dioksaidi. R600a ni gesi inayowaka, na ndiyo iliyo kwenye friji nyingi mpya. Kwa hiyo msumeno wa umeme na mrija wa friji havikutani. Mlipe fundi friji mwenye mashine ya kuvuta gesi, avute, akuandikie. Baada ya hapo mwaga mafuta ya kompresa kwenye dumu, ukate mirija. Mlango wa friji ung'olewe siku ileile inapofika. Watoto hujificha ndani.

Nyaya: mahali pa kuacha moto

Plastiki ya PVC, kabla ya kuchanganywa na vilainishi, zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini. Ikiungua mbele ya kopa inazalisha dioksini, na kopa yenyewe inaharakisha kazi hiyo. Udongo wa Agbogbloshie, Accra, ambako nyaya zilichomwa kwa miaka mingi hadi eneo lilipobomolewa Julai 2021, ulijaa sumu hizo pamoja na risasi. Hilo ni la afya. La mfukoni ni hili: kopa iliyochomwa inatoka nyeusi, dhaifu, yenye majivu, na mnunuzi huishusha daraja. Inayong'aa iliyovuliwa kwa kisu ndiyo ya bei ya juu.

Kichuna cha bure: ubao, wembe wa kukatia uliobanwa kwa skrubu mbili ukiwa umeinama, na msumari pande zote mbili kuongoza waya. Unavuta tu. Ila usichune kila kitu. Kata mita moja ya aina husika, pima, chuna, pima kopa. Waya wa umeme wa nyuzi tatu za milimita za mraba 1.5 una uzito wa kama gramu 100 kwa mita, kopa gramu 40: asilimia 40. Zidisha bei ya kopa kwa 0.4, linganisha na bei ya waya ambao haujachunwa. Tofauti isipolipa saa za mchunaji, uza kama ulivyo. Nyaya nyembamba za data na chaja karibu daima hazilipi.

Na jihadhari na kopa bandia. Gusa kwa sumaku: ikishika, ndani ni chuma, jambo la kawaida kwenye waya wa antena. Kwaruza: ikionekana nyeupe, ni alumini iliyopakwa.

Plastiki

Makasha ya TV na monita mengi yana kemikali za bromini za kuzuia moto. Hayatakiwi kwenye mabeseni, midoli wala vyombo vya chakula, ndiko yanakoishia yakiuzwa mchanganyiko. Kipimo ni rahisi: lita moja ya maji na gramu 160 za chumvi, tone la sabuni ili mapovu yasibebe vipande. Ukipima lita moja ya mchanganyiko huo iwe kama gramu 1,100. Tumbukiza kipande kidogo kutoka kila kasha. Kinachoelea kwa kawaida hakina bromini nyingi na kinauzika. Kinachozama, ama kina bromini, ama ni plastiki ya aina nyingine au yenye nyuzi za kioo. Chochote kiwacho, pipa la pili.

Tona ya printa isipulizwe wala kufyonzwa kwa mashine ya kawaida ya vumbi, unga wake unaweza kulipuka. Katriji ifungwe ndani ya mfuko.

Bodi

Daraja la kwanza: bodi za simu, ramu, prosesa, kadi za mitandao zenye meno ya dhahabu. La pili: mazabodi, bodi za laptopu, bodi za hadi diski. La tatu: bodi za kahawia za saplai, redio na TV. Ukizichanganya, utalipwa zote kwa bei ya tatu. Kwenye daraja la tatu ng'oa transfoma, vipoza vya alumini, na kapasita ndefu au pana kuliko milimita 25, kipimo kinachotumika Ulaya. Vipande vidogo viachwe. Huhitaji kuvichomoa kwa joto, na moshi wa resini ya bodi ni wa kuogopa.

Sasa dhahabu. Ni kweli kwamba tani moja ya bodi za simu huwa na gramu mia kadhaa, wakati migodi mingi huishi kwa gramu chache kwa tani. Lakini simu moja haina hata gramu 0.05. Anayechemsha bodi kwenye tindikali nyuma ya nyumba anavuta gesi ya kahawia ambayo inaweza kujaza mapafu maji saa kadhaa baadaye, wakati ameshalala. Anapata sehemu tu ya dhahabu, na anamwaga kopa, fedha na paladi pamoja na maji machafu. Viyeyushio kama cha Umicore kule Hoboken, Ubelgiji, au Rönnskär ya Boliden nchini Sweden vinatoa metali hizo zote kwa mkupuo mmoja. Bodi nzima, safi, iliyopangwa daraja inalipwa kwa metali hizo zote.

Mwili wa mfanyakazi

Hakuna kula, kunywa wala kuvuta sigara mezani. Nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya chakula. Nguo za kazi zibaki kazini na zifuliwe peke yake, kwani vumbi la risasi hufika kwa watoto kupitia nguo za mzazi. Mjamzito na mtoto wasiwe ndani ya karakana. Maziwa hayaondoi risasi mwilini; ni chakula kizuri na basi. Anayeshughulika na mabomba ya TV au betri za risasi apimwe damu kila mwaka. WHO inataka chanzo kitafutwe pale risasi inapofika mikrogramu 5 kwa desilita.

Kisichonunuliwa

Mabomba ya TV, taa, plastiki iliyozama na povu la friji havina mnunuzi. Kupokelewa kwake kunagharimu pesa, na hapa ndipo karakana nyingi zenye nia njema huanza kutupa usiku. Gharama hiyo iingizwe mapema. Muulize mpokeaji mwenye kibali bei ya kilo ya kioo cha TV, ongeza usafiri, na uitoze siku unapopokea: TV ya chogo mwenye nayo alipie, au uipokee pamoja na kompyuta kadhaa zinazoifidia. Ofisi na shule hulipa zikipewa hati ya uzito na ya uharibifu wa data. Mtaani watu hawalipi, kwa hiyo mzigo wa mtaani usizidi ule wa ofisini.

Unapouza, ufungashe pamoja. Anayekuja kutafuta bodi za simu pekee aambiwe bodi zinatoka na mabomba kumi na boksi la taa, bei ikiwa imehesabiwa kwa vyote. Wenye vibali vya kweli hukubali, maana nao wanatakiwa kuonyesha kwamba wanapokea mzigo kamili. Hati ya mizani ichukuliwe nakala mbili, moja ibandikwe kwenye daftari mkabala na mistari ya mzigo ulioingia, na uzito wa pande zote mbili ukaribiane.